Picha za misalaba ya dhahabu kwenye tranka la babu: ni ramani ya mali ya Mjerumani au picha tu?

Nahodha_wa_NchiKavu

Habarini wanajamvi. Naomba msaada kabla sijafanya ujinga au kabla mjomba hajafanya ujinga, maana naona tunakimbizana.

Iko hivi. Bibi yetu alifariki mwezi wa tatu huku Masasi, tumemaliza arobaini tukakaa kugawana vitu. Katika kupekua tukafungua tranka la bati la babu ambalo bibi alikuwa hataki mtu aliguse toka babu afariki. Babu alikuwa fundi seremala wa misheni ya Anglikana, kaanza kijana enzi za Mwingereza mpaka macho yalipomshinda. Ndani tumekuta randa, patasi mbili zimeliwa na kutu, kitabu cha nyimbo hakina jalada, na chini kabisa bahasha kubwa ya kaki imefungwa kamba ya katani. Kwenye bahasha kuna picha tatu.

Sasa picha zenyewe jamani. Ya kwanza ni msalaba mkubwa wa dhahabu una mawe mekundu na ya bluu, pembeni yake kalisi mbili (vile vikombe vya komunyo) na kitu kama kinyumba kidogo cha dhahabu kina paa na madirisha. Ya pili ni fimbo ya askofu na chetezo, ina maua maua ya majani manne yamezungushwa kwenye mduara. Ukiinamisha karatasi kwenye mwanga ile dhahabu inawaka, siyo njano ya kawaida, inawaka kabisa kama bati jipya. Ya tatu ni Bikira Maria tu na yenyewe haiwaki.

Kilicholeta kizaazaa ni alama. Ile ya kwanza na ya pili pembeni kabisa mwa karatasi kuna vimisalaba vidogo vyembamba, kimoja juu kimoja chini, na kona ya juu kuna namba ya Kirumi au sijui ya kawaida imefifia. Chini kuna maandishi madogo sana nimesoma kwa tochi ya simu, J.B. WARING halafu DAY & SON, LITHRS TO THE QUEEN, na 1862. Na ile ya maua mtu kaichora kwa penseli mistari ya kwenda juu na ya kulala, vijumba vijumba kama ramani ya jiografia, na pembeni kaandika namba 9½, 4¾, 2.

Mjomba alivyoona tu akasema hii ndiyo orodha ya mali aliyoficha Mjerumani, vimisalaba ni sehemu ya kuchimba na namba ni hatua. Na mnajua huku kwetu mjomba akisema kasema. Amekwisha chimba shimo la kufika kiunoni nyuma ya nyumba ya marehemu, kaanzia ukutani kahesabu hatua tisa na nusu mpaka karibu na mwembe. Juzi kaja jamaa kutoka Dar na gari, kazitazama kama dakika tano hivi akatoa ofa ya laki tatu kwa zote, kaacha na advansi elfu hamsini ambayo mjomba kashaila. Na mimi kijana wa steshenari kaniambia nizilamineti zisiharibike, elfu mbili kila moja.

Kwa hiyo mwenye ujuzi anisaidie, hivi ni vitu gani, ni ramani kweli, na nilamineti au nisilamineti. Msinitukane, nimeuliza kwa nia njema.

---

Msimbati_Asilia

Hahahaha mkuu hatua tisa na nusu, hiyo nusu aliipimaje, alikunja mguu?

Pole kwa msiba lakini. Ila hii kitu ya mali ya Mjerumani itatumaliza watu wa kusini. Kijijini kwetu walichimba chini ya mbuyu wiki mbili, wakaleta na mtaalamu mwenye mashine inayolia kama gari la wagonjwa, wakachinja na beberu, mwisho wa yote wakatoa chupa ya bia ya kioo kizito na kipande cha jembe. Na chupa wakagombania.

Halafu swali dogo tu la mtoto wa darasa la nne: LITHRS TO THE QUEEN ni Kiingereza. Yaani Mjerumani afiche mali yake halafu ramani aiandike kwa Kiingereza ili adui yake asipate shida kuisoma?

---

FundiTisheti_Mtwara

Mkuu acha kuchimba haraka sana. Mimi nachapa tisheti na vitambaa hapa Mtwara mjini, kampeni, harusi, vikoba, vyote, na hivyo vimisalaba ulivyovitaja navichora mimi kila siku ya Mungu.

Nakueleza kwa lugha ya kazini. Mteja akitaka nembo ya rangi nne, siwezi kuchapa rangi zote kwa mkupuo mmoja. Kila rangi ina skrini yake, yaani fremu yenye kitambaa cha wavu unaopitisha wino. Nachapa nyekundu kwanza, naacha inakauka, naleta skrini ya bluu, halafu nyeusi, halafu njano. Sasa nyekundu na bluu zikipishana hata milimita mbili sura ya mgombea inakuwa na macho manne. Ndiyo maana kila skrini tunaiwekea kimsalaba pembeni, sehemu ileile, ukibandika skrini ya pili unahakikisha kimsalaba kimekaa juu ya kimsalaba. Tunaita rejista. Kazi ikiisha ile sehemu inakatwa au inakunjwa ndani mteja haioni.

Kwa hiyo hizo picha zako zimechapwa rangi moja moja na aliyezikata kasahau kukata pembeni. Ni alama ya fundi mwenzangu tu. Tazama vizuri kama kile kimsalaba kina rangi zaidi ya moja zimepandana, ukiona kama kina kivuli chekundu au cha njano, ndiyo hivyo. Mwambie mjomba amechimba kwa kufuata rejista.

---

Nahodha_wa_NchiKavu

Dah. Nimekwenda kutazama saa hii hii. Kweli kabisa, kimsalaba kina weusi, halafu kwa chini kama unywele wa nyekundu na njano. Nimemwonyesha mjomba, kaniambia wazungu ni wajanja wanaficha kitu kwenye kitu.

Na zile vijumba vya penseli je? Maana hizo hazikuchapwa, mtu kachora kwa mkono.

---

Kabati_la_Vitabu

Nahodha nimesoma uzi wako mara mbili, hapo umeshika kitu kizuri sana na ni kizuri kuliko hiyo mali ya Mjerumani, naandika kirefu mnivumilie nimewahi kufanya kazi na vitabu vya zamani.

Kwanza jina. Waring alikuwa msanifu majengo Mwingereza, John Burley Waring. Mwaka 1862 London walifanya maonyesho makubwa ya kimataifa, nchi zinaleta vitu vyao bora, fikiria Sabasaba halafu izidishe. Waring akatoa kitabu cha picha za vile vitu, mijuzuu mitatu mikubwa, picha 301, kilitoka 1863. Waliochapa ni hao hao Day & Son wa London, na kweli walikuwa wachapaji wa Malkia Victoria, hicho ndicho kinachosemwa hapo chini, hawajaandika siri yoyote. Ile namba ya kona ni namba ya picha kitabuni. Kwa jinsi ulivyoeleza picha zako mbili za kwanza zina kila dalili ya kutoka kwenye kitabu hicho, karatasi zilichomolewa.

Sasa FundiTisheti kasema skrini, ila enzi hizo walitumia mawe. Ndiyo, mawe. Chokaa laini inayochimbwa Solnhofen kule Bavaria, Ujerumani, inasuguliwa inakuwa laini kama meza ya maabara. Mjerumani mmoja, Alois Senefelder, aligundua mwishoni mwa miaka ya 1790 kwamba ukichora kwenye jiwe hilo kwa kitu chenye mafuta, halafu ukalilowesha maji, wino unashika palipo na mafuta tu, penye maji unakataa. Kama ufuta unapoukamua, maji na mafuta hayataki undugu. Basi. Hakuna kuchonga, hakuna kukwangua. Halafu mwaka 1837 Godefroy Engelmann, fundi wa Mulhouse Ufaransa, akasajili njia ya kuchapa rangi nyingi, kila rangi jiwe lake, ikaitwa kromolitografia. Picha moja ya kalisi yenye mawe na enameli inaweza kupita kwenye mawe kumi, kumi na tano, mengine hata zaidi ya ishirini, na mchoraji anachora kila jiwe kinyume, kushoto iwe kulia, akijua kichwani kwamba njano hii ikilaliwa na bluu ile itakuwa kijani ya zumaridi. Tena kwa kitabu cha Waring wachoraji walifanyia kazi picha za kamera zilizopigwa pale kwenye maonyesho, na kamera za wakati huo hazikuwa na rangi, kwa hiyo rangi yote unayoiona ni jicho la mtu na mkono wa mtu. Mimi hapo ndiyo huwa navua kofia.

Na dhahabu inayowaka siyo wino wa njano. Ni unga wa madini, mara nyingi shaba iliyochanganywa na zinki, unachapa gundi kwanza halafu unapakaza unga kwa pamba, unafuta uliobaki. Ndiyo maana haitoki kwenye fotokopi wala kwenye simu, ukiipiga picha inakuwa kahawia imekufa.

Kingine mjomba wako hatapenda. Watu wakiona dhahabu na msalaba wanafikiri ni vitu vya kale vya miaka elfu. Vingi kwenye kitabu hiki vilikuwa vipya, vimetoka karakana mwaka huohuo vikapelekwa maonyesho kutafuta wateja. Uingereza wakati ule walikuwa na wazimu wa kurudisha mitindo ya makanisa ya karne za kati. Mfano mkubwa ni ule uzio wa chuma wa kanisa kuu la Hereford, ulisanifiwa na George Gilbert Scott ukatengenezwa na Francis Skidmore wa Coventry, tani nane za chuma, shaba na vijiwe vya rangi, ulionyeshwa hapo 1862 kabla ya kufungwa kanisani. Mwaka 1967 wakauondoa kanisani, ladha zilishabadilika, leo uko makumbusho ya Victoria and Albert London. Kwa hiyo "hazina" ya kwenye picha yako inawezekana kabisa ipo kabatini kwenye kanisa fulani inatumika Jumapili, hakuna aliyeizika mahali popote.

Kuhakikisha: nenda kwa fundi saa au sonara hapo Masasi mjini, muombe ile lensi anayobana jichoni. Tazama ngozi, tazama kivuli. Kama ni chapa ya mawe utaona vidoti vya ovyo ovyo, vikubwa vidogo, kama mtu kadonoa kwa kalamu, na kweli ndivyo alivyofanya. Kama ni chapa ya kisasa utaona vidoti vimepangana mistari mistari kama askari wa gwaride. Nabashiri ile ya Bikira Maria isiyowaka ni hiyo ya gwaride, ya baadaye, za namna hiyo zilimwagika kila parokia.

KULAMINETI USITHUBUTU. Naandika kwa herufi kubwa makusudi. Ile ni plastiki na gundi inayoyeyuka kwa moto, ikishashika karatasi haitoki tena milele, na ule unga wa dhahabu utashikwa na gundi. Selotepu pia hapana. Zilaze zikiwa zimenyooka, kila moja katikati ya kitambaa cheupe cha pamba, bafta iliyofuliwa bila dawa na kukauka vizuri, ndani ya boksi gumu, juu ya kabati mbali na sakafu na ukuta maana mchwa wa Masasi hawana dini. Na swali, humo chumbani mnahifadhi salfa ya mikorosho?

---

Nahodha_wa_NchiKavu

Mifuko sita mkuu. Msimu wa kupuliza ndiyo huu, na tranka ndiyo meza yake.

---

Kabati_la_Vitabu

Nilijua tu. Toa leo. Salfa na shaba ni maadui, ile dhahabu itageuka kahawia halafu nyeusi, na kama kuna sehemu za fedha hizo ndiyo zitatangulia. Mafua ya salfa mnayopata ninyi ndiyo hayo hayo picha inayapata.

---

Ghulam_wa_Ghati

Mnaandika gazeti zima, mwenzenu kauliza bei. Laki tatu auze au asiuze?

---

Kabati_la_Vitabu

Kweli nimeruka. Picha moja moja za namna hii kwa wauzaji wa nje huwa ni makumi ya dola, siyo maelfu, labda kitabu kizima kikiwa kamili ndiyo habari nyingine. Kwa picha mbili zilizochakaa pembeni na moja ya kawaida, laki tatu ni bei nzuri mno. Na ndiyo maana mimi ningeogopa. Mnunuzi anayetoa bei nzuri mno kwa kitu alichokitazama dakika tano, anadhani ananunua kitu kingine.

---

Mwalimu_Mstaafu_Nyangao

Vijana shikamooni mnaostahili, wengine marahaba.

Nimekaa nasoma kimya ila hapa pa mnunuzi naingia. Mwanangu Nahodha, huyo mtu wa gari amenunua ramani. Hajanunua picha. Akishachimba asipate kitu atarudi kwenu, na hatarudi peke yake. Elfu hamsini itafuteni hata kwa kukopa kikoba mumrudishie mbele ya balozi wa nyumba kumi na mwandikishane, muache maneno ya "tulikwambia". Mwambieni ukweli kama alivyoeleza huyu wa vitabu, akitaka bado kununua akijua ni picha, hiyo ni biashara halali.

Na nieleze kidogo kwa nini watu wetu wanaamini hivi, siyo wajinga kama mnavyowacheka. Mwaka 1905 wakati wa Maji Maji misheni za Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki kutoka Ujerumani, za Nyangao na Lukuledi zilichomwa, wamisionari wakakimbia, Nyangao sista mmoja akauawa. Mwaka uliofuata ndiyo wakaanzisha misheni ya Ndanda. Mtu anayekimbia ghafla, kijiji kinabaki kinajiuliza vitu vya thamani kaviacha wapi. Halafu ikaja vita ya kwanza, Mjerumani anarudi nyuma huku anapigana porini mwetu mpaka kavuka Ruvuma, tena kwa miguu. Babu zetu walibeba mizigo ile bila kuambiwa ndani kuna nini. Sasa unabeba sanduku zito miezi, hulifungui, halafu siku moja unaambiwa liache. Utawahadithia nini wajukuu?

Lakini Masasi ni habari tofauti. Hiyo ni ya Waingereza wa UMCA, wamisionari wa Anglikana, Askofu Steere alileta watu waliokombolewa utumwani kutoka Unguja mwaka 1876 wakaweka makazi hapo. Na Steere huyo alikuwa anaijua kazi ya kuchapa mwenyewe kwa mikono yake, Unguja alikuwa na kiwanda kidogo cha chapa kilichotoa vitabu vya Kiswahili. Wale walipenda sana mambo ya ubani, mavazi ya kufumwa, misalaba ya kupendeza, kwa hiyo picha kama hizo kukutwa kwa fundi wa misheni ya kwao halinishangazi hata kidogo.

Jambo la mwisho, kuchimba. Kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, kuchimba kutafuta vitu vya kale bila kibali ni kosa, na kusafirisha nje ya nchi vitu vya kale kunahitaji kibali pia. Sheria hiyo inahesabu vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na inazilinda hata zile milango ya kuchonga ya kabla ya 1940, watu wa Mikindani na Lindi mnaowauzia watalii milango ya bibi zenu mnisikie.

---

Msimbati_Asilia

Kabla ya 1863, na kitabu kimetoka 1863. Mjomba kaponea tundu la sindano. Ila kwenye picha imeandikwa 1862, mwalimu hapo tunafanyaje?

---

Mwalimu_Mstaafu_Nyangao

Hapo mnaenda kuuliza ofisi ya utamaduni wilayani, mnaacha kuniuliza mimi niliyefundisha hesabu.

---

Randa_na_Patasi

Aisee nimechelewa huu uzi, nipo Newala mtandao wa kubahatisha. Watu wote wameongea chapa na mawe na sheria, hakuna aliyejibu penseli, na penseli ndiyo kazi yangu, nimechonga miaka thelathini na ushei.

Nahodha, hivyo vijumba babu yako hakuchora ramani. Hiyo ni kukuza mchoro. Sisi tulifundishwa hivi, una ua dogo kwenye karatasi unataka kulichonga kubwa kwenye mbao na huna mashine ya kukuzia. Unachora vijumba sawasawa juu ya picha, halafu kwenye ubao unachora vijumba vilevile idadi moja lakini vikubwa. Halafu unahamisha kijumba kwa kijumba, hapa mstari unaingia juu kona ya kushoto, unatoka chini katikati, hivyo hivyo mpaka ua limekaa. Macho hayakudanganyi kwa sababu unatazama kijumba kimoja tu. Fundi aliyenifundisha alikuwa hata somo la sanaa hajalisikia ila kwa vijumba alikuwa anakuchorea simba.

Na hizo namba ni inchi. Seremala wa umri wa babu yako hana sentimita. 9½ ndiyo upana wa kazi yenyewe, au wa paneli, 4¾ ni nusu yake kamili, piga hesabu uone, maana yake alitafuta katikati ili aweke sindano ya bikari azungushe mduara. 2 sijui, labda ni kina au ni upana wa ukingo. Ulisema ua la majani manne ndani ya mduara, si ndiyo? Basi.

Sasa swali langu ni moja. Babu hakuchora vijumba kwa kujifurahisha, mtu mwenye picha nzuri hivyo haichafui kwa penseli bila sababu. Kuna ubao alikuwa nao mbele yake siku hiyo. Tafuteni ndani ya nyumba kitu chenye paneli ya inchi tisa na nusu. Mlango wa kabati, kichwa cha kitanda, kiti cha bibi. Au kanisani, ila naanza na nyumbani kwa sababu kwa kazi ya kanisa picha angemrudishia padri.

---

Nahodha_wa_NchiKavu

Wakuu nimerudi, siku nne zimepita, nina mengi.

Kwa fundi saa nimekwenda. Ametuomba tumwachie dukani akae nazo tumekataa. Ni kama Kabati alivyosema, msalaba na ile ya fimbo vidoti vya ovyo ovyo, kwenye jiwe jekundu nimeona kabisa nyekundu mbili tofauti na pinki chini yake, na dhahabu ina chembe chembe zimekaa juu ya karatasi kama vumbi la pambo la Krismasi. Bikira Maria ni gwaride. Fundi saa mwenyewe kaita watu wa duka la jirani waje waone, tumekaa saa nzima, kuna mama alikuja kubadili betri kaondoka na saa yake haijafunguliwa.

Salfa nimetoa. Elfu hamsini imerudi, mjomba katoa elfu ishirini mimi thelathini, jamaa tumempigia kaja mbele ya balozi, tumemweleza yote na rejista na mawe na Malkia. Katusikiliza vizuri kabisa halafu kauliza kama tunaweza kumwachia angalau ile yenye vijumba. Balozi akasema hapana.

Sasa Randa na Patasi, kaka, sijui nianzie wapi. Nilichukua futi ya babu nikazunguka nyumba nzima, kitanda hakuna, viti hakuna, mlango hakuna. Nikakata tamaa. Jioni nimekaa nje natazama lile shimo, na pembeni ya shimo chini ya mwembe kuna kabati la vyombo la bibi. Mjomba alilitoa nje toka wiki ya kwanza ili apate nafasi ya kupima hatua kuanzia ukutani, halafu halikurudi. Lilikuwa limepakwa rangi ya mafuta ya kijani, bibi alilipaka mwaka mmoja harusi ya shangazi, kwa hiyo maisha yetu yote tunaliona ni kabati la kijani tu. Kuku wameshaanza kutaga droo ya chini.

Nikapapasa mlango kwa mkono, maana kwa macho rangi imejaa huoni kitu. Nikasikia mduara. Nikaleta tochi nikamulika kwa ubavuni. Ua la majani manne, mlango wa kushoto na wa kulia, na katikati ya kila ua kuna kitundu cha sindano kimezibwa na rangi. Nimepima mara tatu, tisa na nusu. Na ile 2 ni upana wa ukingo, ulisema kweli.

Nimemwita mjomba. Kapapasa kimya muda mrefu, mjomba ninayemjua mimi hanyamazi. Halafu akasema alikuwa anatumwa vikombe humo ndani kila siku asubuhi akiwa mtoto, na alikuwa anachezea hilo duara kwa kidole akisubiri bibi amwambie kipi, kabla halijapakwa rangi. Alisahau kabisa.

Tumelirudisha ndani, mayai tumekula. Shimo bado lipo, anasema atapanda mkorosho ila namwona bado analitazamatazama.

Maswali mawili ya mwisho. Rangi ya mafuta ya kijani kwenye mninga inatolewaje bila kuharibu nakshi, nisije nikatumia msasa nikafuta kazi ya babu. Na mwenye kumjua fundi fremu Masasi au Ndanda anayeweza kuweka kioo kisigusane na picha anitumie inbox.

---

Randa_na_Patasi

Msasa usiguse. Usitie na moto. Dawa ya kutoa rangi ya kopo ipo duka la vifaa vya ujenzi, ya kupaka inachemka chemka, vaa glavu, fanyia nje kwenye upepo. Paka kidogo sehemu ya nyuma kwanza ujaribu. Ikishavimba toa kwa kijiti cha mwanzi ulichokichonga bapa, kwenye maua tumia mswaki mkuukuu, chuma chochote hapana. Utarudia mara tatu nne. Na usiifute penseli kwenye picha.

---

FundiTisheti_Mtwara

Fremu naweza mimi, kioo kinakaa mbali na picha kwa kuweka kikingo cha kadibodi nyeupe kuzunguka pembeni. Ila usitundike panapopiga jua, rangi zitakwenda. Nipe vipimo vya karatasi, urefu na upana, na hivyo vimisalaba vya pembeni unataka vionekane au nivifunike?

---

Nahodha_wa_NchiKavu

Vionekane.